Mistari ya Zambarau
Kompyuta mpakato ile ilikuwa na vituko. Nyumbani inatoa mistari ya zambarau, inatetemesha picha, kisha kioo giza. Ikifika kwa fundi, inatulia tuli kama mkwe ukweni. Kila mara fundi anamwandikia mwenye mashine, mama mshonaji, kwenye simu: "Mama, hii nzima."

"Nzima kwako," mama naye anaandika. "Kwangu inakufa."

Hakuwa mtu wa kukubali yaishe. Yeye na mumewe ni viziwi, na binti yao vilevile, naye yuko ng'ambo, kesho anapasuliwa moyo. Mumewe, waliyemwita Masharubu kwa ishara ya kugusa mdomo wa juu, hakusoma hata darasa moja. Lugha yake ni mikono tu, na mikono bila picha ni bure. Alisusia harusi ya binti, jeuri lile, na tangu hapo "nisamehe" imemkwama. Kila akijikaza aiseme, picha inakatika. Binti ameanza kuamini baba anamzimia makusudi, na hilo lilimuuma mama kuliko kitu chochote.

Fundi alishuku kadi ya picha: mashine kuukuu, joto la miaka, risasi ya kuchomelea iliyoishikilia imechoka. Lakini sharti aione ikiugua. Basi mama akaichokoza. Akaifungulia video asubuhi nzima mpaka ikawaka moto chini. Wapi! Akabadilisha chaja, akachezesha kifuniko, hola.

Mchana binti alipopiga, mama hakutazama kioo. Alimtazama Masharubu. Mzee alieleza habari za majirani, picha safi. Akaanza kuzungukazunguka habari ya harusi. Binti akainamisha uso. Masharubu akaipiga meza ngumi. Zambarau, giza.

Mama alicheka mpaka machozi, huku amekasirika kwelikweli. Nyumbani kwao ukitaka mtu akutazame unapiga meza, mtikisiko unamwita. Lakini huyu mzee anamwita mtu aliye ng'ambo ya bahari!

"Ungeleta na nyundo," akamwambia kwa mikono.

"Mazoea," Masharubu akajibu, akaificha ngumi mfukoni.

Mama akabeba kompyuta mbio. Safari hii yeye mwenyewe aliigonga meza ya fundi, na mistari ikatoka. Fundi akatikisa kichwa, akacheka, akaandika: "Risasi imepasuka, ndiyo hiyo. Kuichomea upya nitahitaji siku kadhaa. Leo itumie, ila isitikiswe hata kidogo."

Siku kadhaa hawakuwa nazo. Mama akaiweka juu ya mto, mto juu ya kiti, akakaa ubavuni mwa mumewe. Binti akatokea, amevaa gauni la hospitali. Masharubu akaanza: harusi yako, mimi, siku ile. Binti akainama, mabega yanamtikisika.

Ngumi ikapanda. Mama akaidaka hewani, akaikumbatia kwa mkono mmoja, kwa mwingine akasema, "Subiri. Atatazama mwenyewe."

Masharubu hajawahi kumsubiri mtu maishani mwake. Alitaka kujinasua, akaacha. Akasubiri, macho kwenye nywele za mwanawe, jasho linamtoka.

Binti akafuta uso. Akainua macho.

Mama akaachia. Mikono ya mzee ikasema yote: alikosea, amsamehe.

Binti akasogea karibu na kioo. "Sema tena, baba," akasema kwa mikono. "Taratibu. Nataka niingie nayo kesho."