Machela ya Kwikwi

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mganga Sefania alishtuka hata akisikia mtu anakohoa. Mwaka ule wa kuhamia vijijini, katika zahanati mpya juu ya Shume, alimshikilia mama mjamzito siku nzima kwa ubishi wake: "Atajifungua tu!" Mama yule alifika hospitali Lushoto roho mkononi. Akapona. Sefania ndiye hakupona.

Tangu hapo dawa yake ikawa moja. Jipu? Machela. Jino? Machela. Njemba inaingia na mba, inatoka imelazwa chali, imefunikwa blanketi, wanaume wanne wanaiteremsha mlimani huku yenyewe ikipungia watu mkono.

"Mganga, shamba la ujamaa limebaki na kabichi na wanawake," alilalamika Athumani, balozi wa nyumba kumi. "Wanaume wote wako njiani, mabega yamejaa malengelenge."

"Malengelenge?" Sefania akaruka. "Wapelekwe Lushoto!"

"Wabebwe na nani?"

Jumatano asubuhi akaletwa Mwanamwema, binti yake Athumani, uchungu umekolea. Mkunga Rahabu akampima. "Mtoto anatanguliza makalio, na yuko mlangoni."

"Machela!"

"Imeondoka na Omari."

"Omari ana nini?"

"Kwikwi. Umemwandikia mwenyewe asubuhi hii."

Sefania akatoka kuchungulia njia. Akarudi. Akatoka tena. Akang'oa mlango wa stoo ili uwe machela. Ulipong'oka akakumbuka hakuna wa kuubeba. Akasimama uani ameukumbatia, jasho linamchuruzika katika baridi ile.

"Baba Mganga!" Rahabu akaita kutoka ndani. "Mgonjwa wetu leo ni mlango au mwana wa watu? Nimeshazalisha saba wa namna hii. Nataka mikono yako, si miguu. Weka hilo dude chini, unawe."

Akaliweka. Akanawa. Mikono ikashika ilipoambiwa shika, ikaacha ilipoambiwa acha. Makalio, miguu, mabega. Kichwa kikagoma kidogo, Sefania naye akagoma kupumua. Kisha kikatoka, na mtoto wa kike akapiga ukelele kama anayelalamikia foleni. Mwanamwema akacheka huku analia. Sefania akaanguka kama gunia la viazi.

Alipofumbua macho, mawingu yalikuwa yanakwenda juu yake, na blanketi limemfika kidevuni. Wanaume wanne walikuwa wanahema. Mmoja alikuwa Omari, ambaye kwikwi ilimtoka kwenye kona ya kwanza, akageuza na machela yake.

"Nishusheni! Siumwi!"

"Kanuni ni yako, mgosi," akasema Athumani, bega limefungwa kanga. "Usipojua mtu ana nini, mpeleke Lushoto."

"Najua nina nini! Ni woga, balozi. Naogopa tangu siku ya yule mama."

Machela ikasimama. Wabebaji wakatazamana.

"Kumbe ugonjwa umeujua," Athumani akasema, akimshusha taratibu. "Basi shika mpini huu. Kupanda ni zamu yako, na mjukuu wangu anasubiri kupimwa uzito."