Yudith Hakusema Chukua

Hasira za Yudith zilijulikana Muheza nzima, na aliyezijua kuliko wote ni Hosea, mnunuzi wa machungwa. Lo, mtu yule! Kila mwaka michungwa ikianza tu kutoa maua, huyo anafika na shahidi wake, kununua mavuno ambayo hata hayajatunga. Habembelezi. Anakaa, anapewa chai, anamchokoza mama wa watu taratibu mpaka apandishe: "Chukua! Chukua yote, uniondokee hapa!" Basi. Kijijini kwao neno "chukua" likishatamkwa mbele ya shahidi, biashara imekwisha. Miezi ikipita machungwa yanapakiwa kwenye lori, na Yudith anabaki kuyatazama yakienda kwa bei ya maua.

Mwaka huu aliapa kwamba yataiva mikononi mwake, ayauze mwenyewe, bintiye Loveness arudi chuoni. Mtoto alikuwa amekaa nyumbani mwaka mzima kwa kukosa ada. Shamba lenyewe Yudith alirithi kwa baba yake, na kulisimamia alijua sana. Ulimi wake ndio uliomshinda.

Kilichompeleka mjini, mtaa wa Raskazone, ni presha. Kliniki walimpa vidonge, wakamwambia pia aende kwa Bi Parveen, nesi mstaafu anayewafundisha wagonjwa kutulia. Alimkuta barazani juu ya mkeka, mgongo umenyooka, uso mkavu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kaa. Fumba macho, hesabu pumzi mpaka kumi, kisha uanze tena. Dakika kumi na tano."

"Mimi ni Mlutheri, Bi Parveen. Mambo ya kupandisha mashetani siyawezi."

"Nami ni Mwislamu, sala zangu tano hazinipiti. Nani kakwambia upandishe mashetani? Nimekwambia unyamaze. Au hilo ndilo usiloliweza, Mama Loveness?"

Yudith alitamani kumzaba kibao. Akakaa kwa ubishi tu, kumkomoa.

"Umefika ngapi?" Bi Parveen akamwuliza baadaye.

"Tatu. Kisha nikaanza kukutukana moyoni."

"Ulijuaje kwamba umeanza?"

"Niliyaona tu matusi yakija," Yudith akasema.

"Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Hasira haitaondoka, usijidanganye. Lakini ukiiona inakuja, unapata nafasi ya kufunga mdomo. Nenda kafanye kila asubuhi, na usiniletee visingizio."

Alifanya, kwa chuki. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha moto, alikaa stoo juu ya gunia akihesabu pumzi. Jogoo akiwika, anamlaani. Loveness akichungulia na kucheka, anafukuzwa. Hata hivyo, baada ya wiki sita alianza kupata usingizi, na presha ikashuka. Kisha siku moja mbuzi wa jirani akaingia kwenye mahindi yake. Yudith aliiona hasira ikipanda kutoka tumboni, ikafika kooni, ikakaa hapo. Akamfunga mbuzi kamba, akampeleka kwa mwenyewe bila neno. Jirani aliingiwa na hofu ambayo matusi ya miaka yote hayakuwahi kumtia.

Michungwa ikachanua. Hosea akaja na Kombo, shahidi wake, wakapewa chai.

"Shemeji," akaanza, maana alikuwa rafiki wa kufa na kuzikana wa marehemu Zabron, mume wa Yudith. "Pole. Naona shamba limekuwa pori."

Yudith akavuta pumzi. Moja.

"Baba yako akifufuka leo akaliona, atarudi mwenyewe kaburini."

Mbili. Hasira ilikuwa imeshafika kifuani, tena hasira ya haki kabisa. Alimchukia mtu yule mpaka kucha zake.

"Na Loveness nasikia anazurura tu hapa nyumbani. Mwoze upesi, shemeji, kabla hajakuletea mjukuu asiye na baba."

Hapo neno lilifika kwenye meno. Akaling'ata. Tatu. Nne. Akaendelea kumkazia macho Hosea.

Kombo akakohoa. Hosea akapandisha bei bila kuombwa. Kimya. Akapandisha tena. Kimya. Alizoea kula kwa mdomo wa Yudith, na leo mdomo umefungwa, hajui pa kushika. Akaanza kutoka jasho.

"Sema basi!" akafoka. "Tukana! Umerogwa?"

"Sijarogwa. Siuzi."

"Huuzi? Wewe? Miaka yote hii sijawahi kumaliza kikombe kabla hujaniambia chukua! Zabron mwenyewe ndiye aliyenifundisha! 'Yule usimbembeleze,' alisema. 'Mtukanie baba yake, mguse mtoto, mavuno ni yako.' Na kila msimu nilimpelekea chake, mpaka anaingia kaburini!"

Kombo akainamisha kichwa. Yudith akamwona, akajua kwamba naye alikuwa akijua siku zote.

Akatafuta pumzi ya tano, asiipate. Akatafuta hasira, angalau hiyo, maana haikuwahi kumtupa. Nayo hakuiona. Alimwona Zabron tu, kila msimu wa maua, anarudi jioni na kumkuta analia kwa kuwa ameuza tena. Anamshika bega. "Pole, mke wangu," anamwambia. "Hasira zako hizo zitatumaliza."

"Ondokeni," akasema kwa sauti ya chini.

Waliondoka, Hosea akitukana mpaka barabarani. Loveness akatoka ndani mbio.

"Mama! Hujauza?"

"Sijauza."

Mtoto alipiga vigelegele, akamkumbatia, akacheka, kisha akamwona ana machozi.

"Mbona unalia sasa? Naenda chuo, mama! Baba angekuwepo leo, angefurahi jinsi gani!"

Yudith akayaona maneno yakimjia mdomoni, yote, na jina la Zabron likiwa la kwanza. Akayameza. Akamwambia mwanawe akusanye vikombe, avipeleke ndani.