Mgao wa Damu Kichwani

Jana usiku niliota nimeingia ndani ya kichwa changu mwenyewe, nikakuta foleni ya madumu.

Juzijuzi mazoezini nilijibamiza kwenye nguzo ya goli nikazimia. Mwalimu Nkwabi, kocha wetu, akanimwagia maji ya baridi utosini na kutangaza, "Zawena yuko fiti!" Daktari bingwa wa ndoo! Kichwa kikaacha kuuma, na leo ni fainali, na kipa ni mimi. Nilitaka kudaka kufa na kupona.

Basi, madumu yamepanga foleni na yanapiga soga.

"Mnasubiri nini?" nauliza.

"Damu," linajibu dumu la kijani. "Tangu uiparamie ile nguzo tuko kwenye mgao. Upande ule inafurika, huku kwetu inadondoka tone tone."

"Mbona kichwa hakiniumi?"

Yanacheka yote. "Hakimuumi! Jamani, msikieni! Kengele imenyamaza, anadhani moto umezimika."

Mara tuko uwanjani. Mwalimu Nkwabi anakuja na ndoo yake, anayamwagia madumu maji. "Mko fiti! Ingieni!"

"Sisi tunangoja damu, wewe unatuletea maji ya bomba?" linauliza dumu la kijani. "Hivi hiyo filimbi alikupa nani?"

Mpira unapigwa. Nauambia mkono wangu uruke.

"Subiri," unasema mkono. "Agizo lako bado liko kwenye foleni."

Mpira unakuja usoni kwangu moja kwa moja. Niliogopa, sifichi. Sikuogopa kufungwa, niliogopa kwamba nikigongwa tena hata hayo matone hayatakuja.

Dumu la kijani linajirusha, linaudaka mpira kwa tumbo.

"Kipa gani anadakiwa na dumu?" linanifokea. "Kalale, mjinga wewe! Huyu wa ndoo niachie mimi."

Linamfuata Mwalimu. Mwalimu anatimua mbio, filimbi mdomoni, inalia kila anapohema.

Nikaamka. Simu ilikuwa inaita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Zawena, mwanangu, leo usije. Atadaka Bupe. Wewe pumzika mpaka daktari aseme, daktari wa kweli."

"Kuna nini, Mwalimu?"

Alikuwa anahema kama aliyekimbia.

"Usiniulize," akanong'ona. "Ila kama mnafahamiana na hilo dumu la kijani, tafadhali, liambie liondoke mlangoni kwangu."