Sauti ya Kifuani mwa Wegesa

Wegesa alikuwa anampimia mteja dagaa sokoni Mwigobero, Musoma, sauti ilipotoka kifuani mwake ikasema, "Huyu mama alimuua mtoto wake." Mteja alingoja kopo lijae, akaomba nyongeza, akaongezewa, akaondoka. Wachuuzi wenzake walikuwa wameshaizoea. Ilianza kwa mnong'ono baada ya mazishi ya Yusto, mtoto wa pekee wa Wegesa; kufikia masika ilisikika hadi mitumbwini. Kanisani, mwalimu wa kwaya alimwomba akae karibu na spika ili imezwe.

Wegesa hakubishana nayo. Aliiamini. Aliacha kula, akaacha kuoga, mwisho akaacha kuamka. Enos, mumewe, akirudi kuvua alimpikia uji na kumnywesha, huku sauti ikimwambia, "Unapoteza unga bure."

"Twende Bunda," Enos alisema asubuhi moja. "Kuna dada pale Manyamanyama anaongeaga na watu wa hivi. Wanaponaga."

Dada huyo, Flora, alikuwa na chumba nyuma ya duka la mabati. Aliisikiliza sauti mpaka ikamaliza, kisha akavuta kiti cha tatu.

"Na wewe kaa," aliiambia. "Unasema alimuua. Alifanyaje?"

"Alichelewa," kifua kilijibu.

"Ulijuaje?"

"Si mtoto alikufa?"

"Hilo najua. Nakuuliza ushahidi." Flora akamgeukia Wegesa. "Mama Yusto, nisimulie siku hiyo, tangu ulipoamka."

Wegesa alisimulia akitazama sakafu. Mtoto aliamka anachemka. Alimbeba mgongoni mpaka zahanati ya kijiji, jua halijachomoza. Mlango ulikuwa na kufuli. Aligonga mpaka mkono ukavimba. Mganga wa zahanati alipigiwa simu, akasema yuko njiani. Jua lilifika utosini, mganga hajafika. Enos akatafuta mtumbwi wa kuwavusha kwenda Musoma mjini. Yusto alikata roho katikati ya ziwa.

"Ungeondoka mapema," sauti ilidakia.

"Aliambiwa anayekuja yuko njiani," Flora alijibu. "Mama Yusto, jirani yako unayempenda ni nani?"

"Dorah."

"Dorah akikusimulia haya haya, utamwambia amemuua mwanawe?"

Duka la mbele lilikuwa linakata bati. "Ningemwambia mlango ulikuwa umefungwa," Wegesa alisema, na akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Walirudi Bunda mara nyingi. Flora alimpa kazi ndogo ndogo: oga, toka nje, uza hata kopo moja, na sauti ikianza, iulize imejuaje. Sauti ilianza kugugumia. Siku moja sokoni ilijikohoza, ikasema vizuri kabisa, "Mlango ulikuwa umefungwa." Haikurudi tena kwa lile neno la kwanza.

Wegesa alikula, akalala, akarudi mstari wa mbele wa kwaya. Sauti nayo ilinenepa, ikawa inafika ofisi ya kijiji madirisha yakiwa yamefungwa.

Mtendaji wa kijiji alimpigia Flora. "Mgonjwa wako hajapona. Bado kifua kinaongea."

"Amepona."

"Basi mtibu hicho kilichobaki."

"Hicho si ugonjwa, mheshimiwa. Hicho kilitokea."

Kwenye mkutano wa kijiji, mwenyekiti alimwomba Wegesa ajifunike kitenge kifuani au atoke nje. Mganga alikuwa meza kuu, anachezea simu. Wegesa alisimama, akakifungua kitenge alichojitanda, akakikunja, akakikalia.

"Ilikuwaga inanisingizia kila siku, na hakuna aliyenifukuza," alisema. "Leo inasema kweli ndiyo mnataka nitoke? Sitoki."

Sauti ikarudia, "Mlango ulikuwa umefungwa." Katibu aliuliza kama iandikwe kwenye mambo mengineyo. Mwenyekiti alifunga mkutano kwa sala.

Zahanati haikupata mganga mwingine. Ilipata kufuli jipya, kubwa kuliko la zamani. Siku zisizo za soko Wegesa alikwenda kukaa barazani pale, na mlango ukiwa haujafunguliwa, kifua chake kilitangaza, "Umefungwa." Kina mama waliobeba watoto waliisikia tangu njiani, wakageuka bila kuuliza, wakashuka moja kwa moja ziwani kutafuta mtumbwi.