Mgeni wa Mchana

Jiko la gesi lilikuwa limezimwa, na mimi sikulizima.

Nilikuwa nimebandika maharage, nikaenda kujinyoosha kidogo, maana jua likishapita utosini mgongo wangu huomba ruhusa. Nilipoamka maharage yalikuwa yameiva nusu, yamepoa, na kitufe cha jiko kimegeuzwa hadi mwisho. Binti yangu alikuwa kiwandani anakoshona sare. Mjukuu wangu alikuwa shuleni. Nyumba hii ina watu watatu tu, na wa tatu ndiye aliyekuwa amelala.

Sikusema kitu. Mtu wa umri wangu akianza kusema vitu vinajizima vyenyewe, watu hutazamana juu ya kichwa chake. Niliwasha upya, nikakaa kwenye kigoda nikilitazama lile jiko mpaka maharage yakalainika.

Halafu ikaja siku ya mvua. Nilikuwa nimeanika nguo uani asubuhi, jua kali, nikalala mchana kama kawaida yangu. Nilipoamka nilikuta uwanja umelowa chapachapa, na nguo ziko ndani juu ya kiti, kavu, zimekunjwa. Tena zimekunjwa vibaya, mikono ya blauzi ya binti yangu imetokeza huku na huku kama mtu anayezama. Mwanamke hakunji hivyo, hata awe na haraka gani. Nilizikunjua moja moja nikazikunja upya, na kila nikikunja moyo unaniambia: humu ndani kuna mtu anaingia.

Nilimwambia mjukuu wangu peke yake. Tunamwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haujui kivuli wala jua. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alivuta kiti akakaa karibu yangu, akauliza kwa sauti ya chini, "Bibi, mlango ulikuwa umevunjwa?"

"Hata kukwaruzwa."

"Kimepotea nini?"

"Sufuria yangu ndogo, ile ya mkono mweusi. Nilidhani nimemwazima mtu."

"Basi una vitu vitatu," alisema. "Jiko, nguo, sufuria. Kitu kikitajwa mara moja ni kitu tu. Kikitajwa mara tatu, mwalimu anasema ni ishara."

"Ishara ya nini?"

"Hiyo ndiyo unatakiwa ueleze. Ina alama ishirini."

Hapo inabidi nieleze habari ya kitabu. Darasani kwao walikuwa wanasoma hadithi moja ya watoto, ya zamani, ambayo karibu kila aliyepita shule aliwahi kuishika. Hata mimi niliisoma kabla sijamaliza la saba, ila kilichobaki kichwani ni bata tu. Ni hadithi ya msichana anayechunga bata wa shangazi yake kando ya mto. Siku moja anatokea mtu asiyejulikana, anapanga chumba kwenye kinu cha nafaka. Hana jina, wanamwita Mgeni. Tangu aje, mayai yanapotea, na watu wakirudi shambani mchana wanakuta milango iko wazi. Na huyo Mgeni kila aendako ana taa mkononi, mchana kweupe, haijawashwa.

Vitabu vyenyewe ni vichache, kwa hiyo mwalimu huvifungia kabatini. Wanasoma sura moja darasani, vinarudishwa, hakuna kutangulia. Nusu ya kitabu ilikuwa bado. Lakini kazi ya nyumbani ilikuwa imeshatolewa: chagua mhusika mmoja, sema ni mtu wa aina gani, mgogoro wake ni na nani, ishara gani inamfuata. Na kila unachodai, thibitisha. Hilo neno thibitisha Chiriku alilitamka kama askari.

Alikuwa amemchagua Mgeni, ameshaandika ni mwovu.

"Ile taa isiyowashwa," alinieleza, "inaonyesha moyo wake ni giza."

"Au hana mafuta," nikasema.

"Bibi! Kwenye kitabu hakuna mtu asiye na mafuta bure bure."

Tulicheka. Ila usiku huo sikucheka tena, kwa sababu alipokuwa ananisaidia kuosha vyombo alisema, bila kunitazama, "Mtu anayeingia bila kuvunja ni yule anayejua kufuli."

Nilijua anamsema nani. Kwenye kona ya mtaa wetu kuna kibanda cha fundi wa kufuli na vitasa, mwanamume mpole, mikono mikubwa, vidole vyeusi kwa vumbi la chuma. Ndiye aliyetubadilishia kitasa cha mlango wa mbele baada ya kile cha zamani kuanza kung'ang'ania. Alikuja kubadilisha kitasa, akarudi kukitia mafuta, akarudi kuuliza kama kinafanya kazi vizuri. Kitasa gani hicho kinajuliwa hali kama mgonjwa? Binti yangu ni mjane tangu Chiriku anatambaa. Nikaanza kumsikia akiimba wakati anapiga pasi. Sauti hiyo nilikuwa nimeshaisahau.

Jumamosi iliyokuwa inakuja, dada yake Fundi angefika nyumbani kumposa rasmi binti yangu. Mimi ndiye mzazi niliyebaki, na jibu lilikuwa langu. Sasa nitamtoaje mwanangu kwa mtu anayenyemelea nyumba yangu nimelala? Na nikikataa, ule wimbo ninauzima kwa mkono wangu mwenyewe.

"Usimsingizie mjomba wa watu," nilimwambia Chiriku.

"Si mjomba, Bibi. Mjomba hamuoi mama yangu."

Jioni moja nilimsogelea binti yangu anapiga pasi. Nikamuuliza, kama mtu anayeulizia chumvi, "Hivi funguo za mlango huu ziko ngapi?"

"Tatu, Mama. Si unazijua? Wangu, wa mtoto, na wako pale msumarini."

Hakuinua macho. Aliipitisha pasi mara mbili juu ya kola ambayo ilikuwa imeshanyooka. Na hakuimba tena jioni ile.

Kesho yake Chiriku akaniletea kipande cha karatasi ngumu chenye plastiki, kile ambacho kitasa huja ndani yake kutoka dukani. Alikuwa amekikuta ndani ya kopo la vifungo la mama yake, chini kabisa. Nilivaa miwani. Pameandikwa, kwa herufi nyekundu: kitasa kimoja, skrubu sita, funguo nne.

Niliugeukia msumari unaobeba ufunguo wangu.

"Ushahidi," Chiriku akanong'ona.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilianza kukumbuka mambo kwa sura nyingine. Fundi kila akija hunusa hewa kabla hajakaa. Huuliza, "Mama umelalaje mchana?" Nani humuuliza mtu amelalaje mchana? Na binti yangu kuficha karatasi kwenye kopo la vifungo: amedanganywa, au wamo pamoja? Nililichukia swali hilo, lakini lilikuwa limeshakaa kitako.

Jumamosi wakaja. Dada yake Fundi ni mkunga wa zahanati, mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuwaambia watu wasukume. Aliingia na kapu la matunda, akaniamkia kwa adabu, akasifu pazia, akasifu chai, akamsifu mdogo wake mpaka mwenyewe akainama.

"Mama, huyu mtu wetu hana makuu," alisema. "Hanywi, hapigi kelele, na hakuna mlango wa mtu aliowahi kuufungua bila kuitwa. Mtaa mzima ni shahidi."

Nilimwona binti yangu akishusha kikombe.

Chiriku alikuwa amesimama karibu na kabati. "Naomba kuuliza," akasema.

"Chiriku, nenda kaongeze maji ya moto," mama yake akamkata.

Ningeweza kumzuia mtoto. Sikumzuia.

"Kitasa kilikuja na funguo nne," Chiriku akasema, akaiweka ile karatasi mezani, katikati ya vikombe. "Tatu ziko hapa nyumbani. Wa nne uko wapi?"

Fundi aliitazama ile karatasi, kisha akatia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa ufunguo mmoja, akauweka mezani.

"Ninao mimi," alisema.

"Wewe?" Dada yake aligeuka na kiti chake chote. "Ufunguo wa nyumba ya watu uko mfukoni mwako?"

"Ndiyo, dada."

"Ulisahau kuutoa? Sema ulisahau!"

"Sikusahau."

"Sasa wa nini?"

Nilimtazama Fundi usoni kwa makini, maana kazi ya kumtazama mtu anapobanwa naiweza. Hakuwa na macho ya mtu anayetafuta uongo. Alikuwa anaitazama sakafu kama aliyeamua kubeba mzigo na anatafuta pa kushika.

Mkunga akasimama, akachukua mkoba wake. "Mama, tusamehe. Nimekuja kusifu mtu kumbe namsifu nisiyemjua. Inuka wewe, twende! Umenivua nguo mbele za watu."

Fundi akainuka. Hakuugusa ule ufunguo. Alifika mlangoni, akashika kitasa alichokifunga mwenyewe, na mimi macho yangu yalikuwa kwa mwanangu. Alikuwa ameshika kingo za kiti. Nikasema moyoni: sema, kama una la kusema, maana huyu akitoka harudi.

"Nilimpa mimi," binti yangu akasema.

Mkunga akabaki mkono mmoja hewani.

"Nilimpa mimi, na nilimwambia asimwambie mtu. Mama, siku ile ulipoteleza bafuni, ulikaa kwenye sakafu ya baridi mpaka mtoto alipotoka shule. Ukaniambia ulikuwa unapumzika. Mimi nipo kiwandani, simu zinafungiwa mlangoni. Yeye kibanda chake kipo pale. Nikamwomba kila mchana apite achungulie kama uko salama."

"Na jiko?" nikauliza.

Akamtazama mchumba wake. Nikamgeukia Fundi.

"Nimelizima mara nyingi kuliko ulivyojua, Mama," alisema taratibu. "Ile sufuria ilikuwa imeungua, imekuwa makaa. Niliichukua niisugue kwa mashine ya kibandani. Bado haijatoka yote."

Hasira zilinipanda mpaka masikioni. "Kwa hiyo mmeniwekea mlinzi ndani ya nyumba yangu! Ananiangalia nikilala mdomo wazi!"

"Siangalii, Mama. Nasikiliza tu mlangoni. Unakoroma, mimi naondoka."

Chiriku akashikwa na kicheko, akakimeza kwa mkono. Mkunga naye mabega yalimtikisika. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemshuku mkwe, nikamshuku mwanangu, nikaishuku hata mvua. Yule bibi anayeacha moto ukiwaka na kwenda kulala, huyo sikuwahi kumweka kwenye orodha. Ni jambo gumu kulipokea mbele ya wageni, na vikombe vinapoa.

Mkunga aliketi tena polepole. "Sasa Mama," alisema, na safari hii sauti yake haikuwa ya zahanati, "sisi tumefika hapa kwa neno moja. Unasemaje?"

Nilimwacha angoje. Nilimwambia kwanza mwanangu, "Uongo uliokuwa kwenye pasi ile, tutauzungumza sisi wawili." Akaitikia, machozi yanamlengalenga. Kisha nikausukuma ule ufunguo kwa kidole, ukateleza juu ya kitambaa cha meza mpaka upande wa Fundi.

"Mchukue mwanangu," nikasema. "Na huu shika. Lakini kwangu mtu haingii kama paka. Piga hodi."

"Nilihofia kukuamsha, Mama."

"Niamshe. Anayeachwa alale ni maiti."

Mkunga alipiga kigelegele kilichomwamsha mtoto wa jirani.

Walipoondoka nilimuuliza Chiriku kama sasa atafuta lile neno mwovu kwenye kazi yake ya shule. Alinitazama kana kwamba nimemwomba aibe.

"Kwa nini nifute? Huyu wetu ni huyu, yule wa kitabuni ni yule. Bado sijafika mwisho. Mayai yamepotea kweli."

Mtoto ana haki yake. Nami sikuwa nimepona kabisa. Jumatatu mchana nilizima jiko, nikahakikisha, nikarudi nikahakikisha tena, nikajilaza. Sikulala. Nilifumba macho, nikafungua masikio, nione kama ahadi ya meza ni ahadi ya mlango.

Nyayo zikaja, zikasimama.

"Hodi!"

Nikanyamaza.

"Hodi, Mama!"

Nikanyamaza zaidi, nimeshika shuka kidevuni. Ufunguo haukuingia. Nilimsikia anahema nje, anabadilisha mguu, halafu akasogeza mdomo kwenye upenyo wa mlango.

"Mama, leo hukoromi. Najua uko macho. Nikingoja zaidi hapa, majirani watasema nimefukuzwa kabla sijaoa."

Nikashindwa kujizuia, kicheko kikanitoka.

"Karibu," nikasema. "Ila vua viatu, nimepiga deki."