Makucha Matano ya Bi Sumie

Kazi ya Amemiya Tokiko pale Kofu, mji wa Japani, ilikuwa kushusha vito vya mama za watu.

Miaka ile pesa ilipokuwa ikitiririka kama maji, hakuna bwana harusi aliyethubutu kuposa bila pete iliyoinuka. Kito kilisimama juu ya makucha marefu ya platinamu, kama ua juu ya bua lake, ili hata mtu aliye ng'ambo ya barabara akione. Mabibi harusi wale sasa wana wajukuu, na mitindo imewapa kisogo. Binti zao wanasema makucha yananasa sweta, yanakwaruza watoto, yanamfanya mtu aonekane katoka kwenye picha ya ukutani. Wanataka kito kizame ndani ya pete, kizungushiwe ukingo mwembamba, kilale sawasawa na kidole. Basi Tokiko aliyafungua makucha, akatoa kito, akakikalisha chini. Ufundi huo aliupata kwa marehemu Hosaka, sonara ambaye ndiye aliyetengeneza mengi ya makucha hayo, na mara nyingine alijiona kama mwanafunzi anayefuta ubaoni mwandiko wa mwalimu wake.

Mwanamke aliyeitwa Kubodera Mayuko alikuja wakati matunda ya persimoni yaliyomenywa yameshatundikwa barazani yakauke. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye macho ya kukosa usingizi na mikono iliyochubuka kwa kufua na kuosha. Alifungua kitambaa akatoa pete yenye yakuti ya buluu, nzito, yenye giza katikati kama kisima.

"Ilikuwa ya mavyaa wangu," alisema. "Naomba unishushie. Hivi ilivyo siwezi kuivaa."

Tokiko akainama, akampa pole ya msiba. Mayuko naye akainama. Akaacha namba yake ya simu.

Alipoondoka, Tokiko aliitazama pete ile kwa lenzi. Kazi ya Hosaka aliijua papo hapo, kwa jinsi alivyozoea kuzichonga ncha za makucha mfano wa punje ya mchele. Ila makucha yalikuwa matano. Hosaka alikuwa mtu wa makucha sita. Matano aliyaona ni uvivu, na Tokiko mwenyewe aliwahi kufokewa kwa ajili hiyo.

Asubuhi ya pili yake akaibana pete kwenye kishikio cha mbao, akaanza kazi. Kucha la kwanza liliinuka kwa shida, la pili likafuata, na yote matano yakasimama wima. Simu ikalia. Alikuwa mteja mwingine, mwenye maswali mengi, na Tokiko alimjibu amegeukia dirishani. Aliporudi kwenye benchi, makucha yalikuwa yameinamia yakuti, yameibana kama hayajaguswa.

Chumba kile alikigawana na mtu mmoja tu, Mzee Mochizuki Isao, mng'arishaji, aliyekuwa na miwani minene na maneno mengi kuliko kazi.

"Mzee Isao, umegusa pete yangu?"

"Niiguse ya nini? Mimi hata mke wangu simgusi bila ruhusa."

"Nilikuwa nimeshayafungua makucha."

"Basi umeota, bosi. Au platinamu hiyo ina kiburi. Chuma cha zamani kina kiburi kama watu wake."

Tokiko akacheka kidogo, akayafungua tena. Safari hii hakugeuka. Aliweka lenzi jichoni, akanyoosha mkono kuchukua kibano cha kuchopolea kito, na kabla kibano hakijafika aliyaona yakishuka. Hayakuruka kama chuma kinachorudi baada ya kupindwa. Yaliinama polepole, moja baada ya jingine, kama vidole vya mtu aliyelala anayevuta shuka lake.

Alimwita Isao kwa sauti ndogo. Mzee akaja, akainama juu ya benchi, na Tokiko akayafungua kwa mara ya tatu mbele ya macho yake. Wakangoja. Mashine ya kung'arishia ilikuwa imezimwa, na chumbani hapakusikika kitu ila birika likichemka. Makucha yakashuka.

Mzee Isao akarudi nyuma hatua moja. Alivua miwani, akaifuta kwa aproni, akaivaa tena.

Sasa hofu na hasira vilimwingia Tokiko kwa pamoja, na kati ya hivyo viwili hasira ndiyo iliyoshika koleo. Hajapata kushindwa na pete. Alilikamata kucha la mbele, akalivuta. Likakaza. Akavuta zaidi, likakaza zaidi, akahisi kwenye kiganja chake nguvu inayomvuta upande wa pili. Kisha likakatika. Hilo halikulia kama chuma. Lililia kama kijiti kikavu kinachokanyagwa msituni. Yakuti haikudondoka. Yale makucha manne yaliyobaki yaliikumbatia kwa nguvu zaidi, na pete nzima ilikuwa ya moto, joto la mwili wa mtu.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema Mzee Isao, lakini sauti yake haikuwa na mzaha wowote. "Ila hii, bosi, mimi naona uirudishe kwa wenyewe."

Tokiko akampigia Mayuko. Simu ililia mpaka akakata tamaa, ndipo ikapokelewa. Nyuma yake zilisikika sauti za watu na magurudumu ya kitanda.

"Nisamehe, Bi Tokiko," alisema Mayuko akihema. "Niko kwenye makao ya wazee. Mavyaa wangu kavunjika kidole."

"Mavyaa wako yupi?"

Magurudumu yakapita, yakaishia mbali.

"Huyo huyo," Mayuko akasema.

Ndipo akaeleza yote, kwa kukatakata. Mavyaa wake, Bi Sumie, alikuwa hai. Kiharusi kilimnyamazisha tangu majira ya mvua, na toka hapo hakutamka neno wala kumtambua mtu. Kwa miaka tisa kabla ya hapo Mayuko ndiye aliyempikia, akamwogesha, akavumilia ulimi wake. Pete alikuwa ameahidiwa, lakini Bi Sumie alikuwa akisema kila mara: baada yangu. Mume wa Mayuko ndiye aliyemwambia aichukue tu, mama hatajua. Mayuko akaichomoa kidoleni wakati akimpaka mafuta. Asubuhi ile wauguzi walimkuta bibi kaukunja mkono wake wa kushoto, ngumi, wala haikufunguka. Kisha kidole cha shahada kikavunjika.

"Nani alikuwa anamfungua mkono?" Tokiko aliuliza.

"Hakuna. Muuguzi alikuwa anavuta pazia. Amekisikia tu kikilia."

Tokiko alikaa na simu mkononi baada ya Mayuko kukata. Koleo lilikuwa bado juu ya benchi. Alilichukua kwa kitambaa, kama kitu kilichochafuka, akalitia droo ya chini.

Kisha akaliunga kucha lile. Kwa kawaida angetoa kito kwanza kisiungue, lakini hakuthubutu. Aliliunga kwa mashine ya leza, nukta kwa nukta, akimwomba radhi mtu asiyemjua kila mwanga ulipopiga. Mzee Isao aliisugua pete kwa mkono, kwa kitambaa cha ngozi, akakataa kabisa kuiweka kwenye mashine. Hawakula. Hoto aliyoileta Tokiko toka nyumbani, tambi nene za kuchemshwa na boga, iliganda kwenye bakuli.

Alasiri Mayuko alimngoja mlangoni pa makao ya wazee. Wakaingia pamoja. Chumba cha Bi Sumie kilikuwa na dirisha kubwa, na jua lilikuwa linaingia lote. Bibi alikuwa mdogo kuliko Tokiko alivyomfikiria, kichwa cheupe kilichozama kwenye mto, macho wazi yakitazama dari. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya blanketi, vidole vimekunjwa, kimoja kimefungwa bendeji na kijiti.

Mayuko akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama," alisema, "nimeileta. Nilikosa. Nimeileta."

Hakuna kilichosogea. Mayuko akampa Tokiko ishara kwamba yeye hawezi. Basi Tokiko akaisogeza pete mpaka ikagusa ile ngumi. Mkono ukafunguka. Ulifunguka polepole, kidole baada ya kidole, na Tokiko aliujua mwendo ule. Alikuwa ameuona asubuhi, kwa lenzi. Akamvisha pete, na pete ikapita kwenye kifundo bila kusukumwa.

Bi Sumie akageuza kichwa. Hakumtazama mkaza mwanawe. Alimtazama Tokiko, kuanzia mikononi mpaka usoni, kama mtu anayekagua kitambaa dukani.

"Mikono yako ni mizito," alisema kwa sauti safi, isiyo na mkwaruzo, "kuliko ya Hosaka."

Kisha akayarudisha macho yake darini.

Huko nje, penye kituo cha baiskeli, Tokiko alisimama. Alishika nguzo.

"Ulimwambia mimi ni nani?"

"Sijamwambia hata jina lako," alisema Mayuko. "Na hajasema neno toka majira ya mvua. Umesikia mwenyewe." Akalia kidogo, akajifuta. Alisema kwamba kisa cha pete ile wamekisikia wote nyumbani mpaka kikawachosha. Bi Sumie alipokuwa mchumba alikataa kununuliwa pete dukani. Alikwenda mwenyewe kwa sonara, akaketi kando yake mpaka akamaliza, akataka makucha yawe idadi ya vidole. Sonara alibisha, yeye akauweka mkono wake juu ya benchi, akamwambia atengeneze kama huu, usioachia kitu mpaka utake wenyewe.

"Tulikuwa tunamcheka," alisema Mayuko. "Mume wangu alikuwa anaigiza sauti yake mezani."

Tangu hapo Mayuko alikwenda kwenye makao yale kila siku, hata siku za theluji, na mumewe alianza kwenda naye, mwanzo kwa kuona haya, baadaye kwa mazoea. Bi Sumie hakusema tena. Kidole kilipona kikabaki kimepinda. Tokiko naye aliendelea na kazi, lakini kwa muda mrefu kila alipotaka kuinua kucha alikuwa akikishika kwanza kiganja chake mwenyewe, akikipima kwa mkono wa pili, na Mzee Isao aliyemwona hakumtania.

Mipichi ilipochanua, Mayuko alirudi karakanani, amevaa nguo nyeusi. Aliketi, akapokea chai, akasimulia. Alikuwa akimlisha uji wa mchele saa za mchana. Bibi alikataa kijiko, akaichomoa pete mwenyewe, kwa mkono wa kulia uliokuwa umepooza, akaiweka kwenye kiganja cha mkaza mwanawe, kisha akakikunja kiganja kile kidole kwa kidole mpaka kikafunga. Akaushikilia mkono uliofungwa mpaka uji ukapoa. Wiki ile ile akafariki.

"Sijui nifanye nini nayo," alisema Mayuko. "Mume wangu anasema tuizike na mifupa yake iliyobaki baada ya mwili kuchomwa. Mimi naona kama alinipa niivae."

Tokiko aliipokea pete. Aliibana pete kwenye kishikio, Mzee Isao akaacha kazi yake akasogea. Tokiko hakuchukua koleo. Aliweka ncha ya ukucha wake mwenyewe chini ya kucha la kwanza, na kabla hajalisukuma, likainuka. Yote matano yakainuka, yakalala nje kama petali za ua lililokwisha. Yakuti ilikuwa imelegea ndani yake, baridi, jiwe tu.

Mayuko aliigusa kwa kidole, akasema, "Basi ishushe."

Siku hizi anaivaa chini, ndani ya ukingo mwembamba, anaosha vyombo akiwa nayo. Tokiko bado anashusha vito vya mama za watu, maana mitindo haijageuka na riziki ni riziki. Ila sasa pete ikiletwa, kabla ya kuipokea, huuliza mwenye pete yuko wapi, na kama anajua kwamba imeletwa. Wateja hudhani ni adabu ya kazi, wanainama, wanajibu. Wapo wawili watatu ambao wameifunga pete yao kwenye kitambaa wakaondoka nayo.