Uji wa Mama Leonia

Mama Leonia alisimama katikati ya wanawake wa kikundi cha maombi, akainua mikono yote miwili, akaanza kukunja vidole na kuvikunjua kimoja kimoja, kama mtoto anayefundishwa kuhesabu.

"Mnaviona?" aliuliza. "Mwaka juzi hivi vilishindwa kushika mwiko. Nilikuwa navalishwa nguo na binti yangu. Wiki hii nimefua mablanketi matatu peke yangu! Na uso huu je? Si mnakumbuka nilivyokuwa nimekonda?"

"Umenawiri, mama!" waliitikia, na mmoja akapiga kigelegele.

"Basi leo nasema mbele yenu nyote. Mungu ameniponya. Dawa sizijui tena!"

Vigelegele vikajaa uani. Mama Clemence, jirani yao pale Bonga aliyekuwa na ugonjwa uleule wa viungo, alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge huku akivitazama vidole vyake mwenyewe, vilivyopinda kama tangawizi.

Nyuma kabisa, kwenye mlango wa jiko, Leonia alikuwa ameshika birika la chai. Alisomea famasia, na sasa aliuza dawa katika duka moja karibu na stendi ya Babati. Uso ule alikuwa akiujua vizuri. Mashavu yale yaliyojaa hayakuwa afya. Yaliletwa na prednisolone, vidonge vidogo vyeupe ambavyo mama alikuwa amevimeza mwaka mzima na nusu. Ndivyo vilivyotuliza uvimbe kwenye viungo, na ndivyo vilivyoujaza uso.

Siku ya kwanza daktari aliwaeleza wote wawili. "Meza asubuhi, ukishakula. Usizidishe siku ukiumwa, usipunguze siku ukijisikia vizuri. Na usiache ghafla, hata kama umepona kabisa. Mwili wako unajitengenezea dawa ya namna hii. Ukiuletea ya nje muda mrefu, unasahau kutengeneza yake. Ukiacha kwa mara moja, unabaki huna ya nje wala ya ndani, na hapo homa ndogo tu inaweza kukuua. Siku ya kuacha ikifika tutapunguza sisi, kidogo kidogo, kwa miezi."

Leonia alitaka kuyasema maneno hayo palepale. Hakuweza. Tangu shule ya msingi, mwalimu akimsimamisha darasani, machozi ndiyo yaliyotangulia jibu. Na mama alikuwa anang'aa. Tangu walipomzika baba, Leonia hakuwahi kumwona mama yake anang'aa hivyo. Aliinama akaendelea kumimina chai.

Wageni walipoondoka, mama alimkabidhi kopo la vidonge.

"Katupe chooni."

"Mama, daktari alisema..."

"Nilimsikia. Nilikuwepo."

"Tungeenda basi kliniki, tumweleze, akupunguzie taratibu."

"Leonia, mwanangu, nimesimama mbele za watu. Umesikia nilivyosema? Nikimeza tena hata kimoja, nitakuwa nimemfanya Mungu mwongo." Alimshika kidevu. "Usiniaibishe."

Leonia aliingia chooni na kopo, akatoka nalo chini ya kanga.

Kesho yake asubuhi alisaga vidonge vitatu kati ya vijiko viwili, kipimo kilekile cha siku zote, akavikoroga kwenye uji wa ulezi pamoja na sukari na maji ya ndimu. Mama alikunywa, akakunja uso.

"Mbona mchungu?"

"Ulezi wenyewe, mama. Ni wa mavuno mapya."

"Wamekuuzia takataka. Na wewe ukiambiwa bei hubishani." Lakini akaumaliza, kwa sababu uji ulipikwa na mwanawe.

Ikawa hivyo kila siku kwa miezi mitatu. Vidonge vya kopo vilipokwisha, Leonia alichukua vingine pale dukani bila karatasi ya daktari. Alijua anakosea. Mtu anayetumia dawa ile anatakiwa kupimwa presha na sukari, kuangaliwa macho na mifupa, na mama hakuwa akipimwa na mtu. Siku moja Leonia alikwenda mwenyewe kliniki, akakaa kwenye benchi nje ya mlango wa daktari kutoka saa mbili mpaka saa tano. Jina lake lilipoitwa aliinuka, akaenda moja kwa moja getini.

Mama naye alizidi kuvuma. Wengine walitoka mtaa wa Bagara na mpaka ng'ambo ya Ziwa Babati kuja kuviona vidole vyake. Kisha mjomba Teodori, kaka yake mama aliyekuwa akilima kwao Mbulu, milimani, akapiga simu. Huko juu walikuwa na novena, siku tisa za sala na kufunga. Walimtaka dada yake aje atoe ushuhuda.

"Nitakusindikiza," Leonia alisema.

"Na kazi je? Siku tisa tu, mtoto wewe! Utafikiri nahamia Ulaya."

Asubuhi ya safari wanawake wa kikundi walifika stendi kumsindikiza, wakaimba mpaka makondakta wakaacha kuita abiria. Mama alikuwa amekaa dirishani. Mfukoni mwa sweta ambalo Leonia alikuwa amelibeba mkononi kulikuwa na pakiti ya vidonge vya siku tisa, na kikaratasi: *vitatu kila asubuhi baada ya kula.*

"Mama, nina neno."

"Sema, mwanangu."

Wanawake walinyamaza kusikiliza. Mama Clemence alimtabasamia. Leonia alihisi uso unawaka.

"Huko juu kuna baridi," alisema, akampitishia sweta dirishani. "Vaa sweta."

"Haya! Na mimi nilidhani umepata mchumba!" Mama alicheka, wote wakacheka, basi likaondoka.

Jioni simu iliita.

"Nimevikuta," mama alisema. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. "Miezi mitatu naishi bila dawa, na wewe bado huamini. Nimevitia motoni. Mjomba wako hajaona."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Maneno yenyewe yalikuwa machache: mama, umekuwa ukivinywa kila siku. Mama alisubiri. Leonia alimsikia akipumua, na nyuma yake ng'ombe wa mjomba wakiingizwa zizini.

"Nimekusamehe," mama alisema, akakata simu.

Leonia alipiga tena usiku uleule, na kesho yake, na keshokutwa. Simu ya mama ilikuwa imezimwa kwa ajili ya sala na mfungo. Ya mjomba ilipatikana siku ya tano.

"Shikamoo, mjomba. Mama anaendeleaje?"

"Marahaba. Mama yako amechoka kidogo. Ana mafua ya huku kwetu, anatapika, akisimama anapata kizunguzungu. Nadhani ni kufunga. Tumempa chai ya tangawizi."

Leonia alikaa chini sakafuni, kati ya maboksi ya dawa.

"Mjomba, mpeleke hospitali sasa hivi. Waambie anatumia prednisolone, ameacha ghafla. Waambie hivyohivyo. Watajua cha kumchoma."

"Anatumia nini? Leonia, dawa ameziacha miezi mitatu. Amesema mwenyewe kanisani, watu mia mbili wamesikia."

"Nilikuwa namwekea kwenye uji."

"Umelala vizuri wewe?" mjomba aliuliza.

Mjomba alimpeleka, lakini kesho yake, alipoona mama hawezi tena kuinua kichwa. Alichoambiwa na Leonia hakukitamka huko; alidhani mpwa wake amechanganyikiwa kwa wasiwasi. Hospitalini mama aliulizwa kama ana dawa yoyote anayotumia, na akajibu mwenyewe, kwa sauti ndogo lakini bila kusita: "Hakuna. Mungu aliniponya." Akatundikiwa maji, akatibiwa homa.

Leonia alifika mchana kwa basi la kwanza alilolipata. Alimkimbilia daktari kwenye korido, akamweleza yote bila kulia, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Daktari hakuuliza la pili. Alimwita nesi, wakakimbia na sindano. Presha ya mama ilipanda kidogo, ikashuka, na haikupanda tena. Alifumbua macho mara moja tu. Alimwona Leonia, akajaribu kumwonyesha kwamba vidole bado vinakunjika.

Walimzika Bonga, shambani kwake.

Siku ya tatu ya matanga Leonia aliwapikia wanawake uji. Mama Clemence alikuwa amekaa peke yake, ameegemea ukuta, midomo imemkauka. Leonia alimpelekea kikombe, akachuchumaa mbele yake.

"Mama Clemence, vidonge vyako, vile kama vya mama, bado unameza?"

"Niliviacha siku ile mama yako anapanda basi. Nilisema, kama mama yako, Xaveria, ameweza, mimi ni nani nisiweze?"

"Unajisikiaje?"

"Nguvu sina, na kichwa kinazunguka. Majonzi haya, mwanangu."

"Si majonzi." Leonia aliongea kwa sauti, na wanawake wote wakageuka. Safari hii hakuinama. "Twende hospitali leo. Mama hakuacha dawa. Mimi nilikuwa namsagia kwenye uji kila asubuhi. Alizikosa kule Mbulu tu, ndiyo maana amekufa."

"Mama yako amekufa kwa homa," Mama Clemence alisema taratibu. "Miezi mitatu alikuwa mzima bila dawa. Tulimwona kwa macho yetu."

"Mlimwona ananywa uji wangu."

"Nyie mliosoma! Hata maiti haijapoa kaburini unamnyang'anya muujiza wake?" Kisha macho yake yakashuka kwenye kikombe. "Na huu je?"

"Huu hauna kitu. Naapa."

Mama Clemence alikisukuma kwa nyuma ya mkono, maana vidole vilikuwa vimeanza tena kukataa kukunjuka. Kando yake mwanamke mwingine aliweka chake chini, na mwingine naye.

Leonia alikichukua kile kikombe, akakinywa chote mbele yake. Ulikuwa uji mtupu, wenye sukari tu. Alipokishusha, Mama Clemence alikuwa anahangaika kuinuka, mkono mmoja ukutani. Leonia alimnyooshea mkono.

"Usiniguse," Mama Clemence alisema, akaendelea kuushika ukuta.